Nilipima plafo, kumbe mrefu ni mdogo wangu

Jambo Mama,

Mimi ni mweka hazina wa timu moja ya mpira hapa Lubumbashi. Jina la timu nalificha, maana sisi si Mazembe wala Lupopo, timu kubwa za hapa. Timu ndogo ikitajwa tu, mtaa mzima unajua nani kaandika. Mchana natunza hesabu za duka la vipuri vya magari. Jioni na Jumapili ni mpira.

Baba alipofariki nilikuwa na miaka 21, na kitinda mimba wetu alikuwa na 12. Viatu vyake vya kwanza vya mpira nilivinunua mimi, vya mtumba, soko la Kenya (komini yetu, si ile nchi). Vilimpwaya, akavijaza vitambaa. Leo ana miaka 24 na ndiye mshambuliaji wetu, mguu wa kushoto. Msimu uliopita alifunga mabao 19, na wengi wanaolipa mlangoni wanakuja kumwangalia yeye. Nilipoingia komite tayari alikuwa kwenye timu ya vijana, kwa hiyo si mimi niliyemleta. Nalisema hilo kwa sababu wanong'onaji hawakosekani.

Sasa hesabu. Mwezi wa kawaida tunaingiza dola 5,000. Kati ya hizo 3,500 zinatoka mfukoni mwa prezida, 1,000 kwa wafadhili wawili, 500 mlangoni. Wachezaji ni 24. Mdogo wangu anapata 600. Watatu wanapata 400 kila mmoja, kumi wanapata 250, na wale vijana kumi wa chini 120. Makocha na mganga wa timu, jumla 700. Safari, maji, kufua jezi, waamuzi, 600. Jumlisha mwenyewe, Mama, utajua kwa nini silali.

Tuna miezi mitatu hatujalipa mshahara kamili. Tunakatakata: leo dola 50 kwa huyu, kesho 30 kwa yule anayelia zaidi. Mwezi wa tatu vijana walikuja mazoezini wakakaa chini kando ya mstari, viatu mkononi. Hakuna aliyepiga kelele. Heri wangepiga. Wiki hiyohiyo mwenye nyumba alimtolea kipa wetu vitu nje, na godoro lake likahamia chumba cha jezi.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba Marekani na Ulaya wanaweka kikomo cha mishahara. Nikaandika ukurasa mmoja: kuanzia msimu ujao hakuna mchezaji atakayepita dola 250 kwa mwezi. Sisi tunaiita plafo, yaani dari, kama plafo ya nyumba. Wanakomite wanne wameikubali, prezida akiwa wa kwanza. Wanne wanaikataa, wanasema bila nyota hata hizo 500 za mlangoni hatutaziona. Tuko tisa. Wa tisa ni mimi. Mwenye karatasi ndiye asiyejua kura yake.

Baada ya kikao prezida alinirudisha nyumbani kwa gari lake. Tulipokaribia kufika akaniambia polepole: "Wewe pigia kura plafo. Dogo atasaini 250 kama wenzake, ile 350 nitampa mwenyewe kwenye bahasha kila mwisho wa mwezi. Hiyo haiingii daftarini." Sikumjibu. Nilimshukuru kwa kunifikisha tu.

Mama yetu anakaa komini ya Katuba. Kodi yake, dawa zake za presha, karo za watoto wa dada yetu, sehemu kubwa inatoka kwenye ile 600, siku inapolipwa. Habari ya plafo aliisikia kanisani, sijui ilimfikiaje. Jumapili aliniwekea bukari (ugali) na sombe (kisamvu), akasubiri ninawe mikono, ndipo akasema: "Unamkatia mdogo wako bukari, umpe nani?" Sikula. Mke wangu naye anasema nikubali bahasha nifunge mdomo, kwani bahati haibishi hodi mara mbili.

La mwisho ndilo linalonichoma. Mdogo wangu hajui kwamba karatasi ile ni yangu. Anadhani ni akili ya prezida. Ananiambia, "Yaya (ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa), wewe uko ndani, nitetee." Na rafiki yake mmoja amenipenyezea kwamba timu fulani ya ng'ambo ya Kasumbalesa, upande wa Zambia, imeshampigia simu mara mbili. Mkataba wake na sisi bado una miaka miwili.

Kura ni Jumapili ya tatu kutoka leo. Je, Mama, plafo inaweza kufanya kazi kwenye mpira, au niliota? Nipige kura namna gani? Na hiyo bahasha?

Mwenye daftari, Lubumbashi


Mwanangu mwenye daftari,

Umeniletea mambo matatu ukiyafunga kwa kamba moja: sanduku la timu linalovuja, kikomo cha mishahara ulichokibuni mwenyewe, na mdogo wako ambaye kikomo hicho kinamgonga kichwani kuliko wote. Ukiyaacha yamefungwa hivyo, kila ukivuta moja mengine mawili yanakuja nalo. Niruhusu niyafungue, nianze na lile lisilo na machozi.

Nimejumlisha kama ulivyoniagiza. Wachezaji 5,500, makocha na mganga 700, mengineyo 600: jumla 6,800. Mnaingiza 5,000. Kila mwezi mnapungukiwa dola 1,800. Sasa weka plafo yako. Mdogo wako anashuka 350, wale watatu wa 400 wanashuka 150 kila mmoja. Umeokoa 800. Wale 20 wengine hawaguswi, kwa sababu plafo iko juu ya vichwa vyao. Bado mnapungukiwa dola 1,000, na mwezi wa nne baada ya kura vijana watakaa tena kando ya mstari, viatu mkononi. Nimeshangaa kidogo, maana hesabu ndiyo kazi yako. Lakini nadhani naelewa. Siku uliyoandika ule ukurasa ulikuwa umetoka kuona godoro la mtu kwenye chumba cha jezi.

Halafu ongeza bahasha. Ile 350 ya mdogo wako inarudi kwake kwa mlango wa nyuma, na kama prezida anaitoa kwenye mfuko uleule unaowapa 3,500, kilichookolewa ni 450. Hizo 450 ni za nani? Ni za wale watatu, wala si za mtu mwingine. Nimeitafuta barua yako yote nione wao ni kina nani, kama ni mabeki, kama wana watoto, kama nao wana mama anayemeza dawa za presha. Hawamo. Yumo mdogo wako, yumo mama, yumo mke, yumo prezida. Sikushitaki kwa hilo, ukiwa kwenye moto unaona wa nyumbani kwako kwanza. Ila kabla ya Jumapili ile ningependa uwaandike hao watatu kwenye karatasi kwa majina, uone kama kura inabaki ilivyokuwa.

Unauliza kama plafo inaweza kufanya kazi kwenye mpira. Waingereza waliishi nayo miaka 60. Mwaka 1901 waliweka kwamba hakuna mchezaji atakayepita pauni 4 kwa wiki, na hata walipokuwa wakipandisha kidogokidogo, mwaka 1961 ilikuwa bado pauni 20. Uwanja unajaa watu elfu hamsini, na anayewajaza analipwa kama fundi wa kiwandani. Wenye timu wakafanya nini? Walifanya lile ambalo prezida wako amekunong'oneza garini. Mwaka 1957 timu ya Sunderland ilikamatwa ikilipa wachezaji kwa siri, ikatozwa faini ya pauni 5,000, na viongozi wake wakafungiwa. Mwaka huohuo John Charles wa Leeds akaondoka kwenda Juventus ya Turin, huko Italia, ambako hakuna aliyempimia paa. Wachezaji wakiongozwa na Jimmy Hill wakatishia mgomo, na Januari 1961 plafo ikaondolewa. Johnny Haynes wa Fulham akatoka pauni 20 kwenda 100 kwa wiki. Nataka uione Turin ya John Charles, kisha uitazame Kasumbalesa yenu.

Ukiniambia, "Lakini Mama, Marekani inafanya kazi," nitakubali, inafanya. Mpira wao wa kikapu una kikomo tangu 1984, na ule mpira wao wa kukumbatiana (futiboli ya Kimarekani) tangu 1994. Ila angalia nyumba nzima, usiangalie plafo peke yake. Timu hazishuki daraja. Fedha za televisheni zinagawanywa kwa wote. Mchezaji akichukia hana ligi nyingine ya kulipa zaidi ya kukimbilia. Na kikomo hakikuandikwa na wenye timu peke yao: chama cha wachezaji kilikaa mezani, kikasaini, na kikadai sakafu pia, yaani kima ambacho timu haiwezi kushuka chini yake. Karatasi yako ina plafo. Sakafu je? Yule kijana wa dola 120 amepata nini katika mpango huu? Hata tarehe ya kulipwa hajaandikiwa.

Timu za daraja la tatu na la nne huko Uingereza zilijaribu tena majuzi tu, Agosti 2020, wakati ugonjwa wa korona umefunga viwanja. Zilipiga kura kama mtakavyopiga ninyi: pauni milioni 2.5 kwa msimu kwa timu ya daraja la tatu, milioni 1.5 kwa ya nne. Kufikia Februari 2021 ilikuwa imefutwa. Chama cha wachezaji kilikwenda mbele ya jopo la usuluhishi, kikasema hakikushirikishwa inavyopasa, na kikashinda. Hapo kila timu ya daraja ilikuwa chini ya paa moja. Ninyi mnataka kulijenga peke yenu, mtaa mzima ukiwa wazi. Plafo ya timu moja, mwanangu, kwa macho ya mchezaji ni kukatwa mshahara tu. Sisemi ni dhambi. Kuna wakati nyumba inabidi ipunguze sahani. Lakini tuliite kwa jina lake.

Hapa niseme la moyoni, mhariri akitaka alifute. Mimi ni mtu wa Lupopo kwa ndoa. Marehemu mume wangu alikuwa mfanyakazi wa reli na shabiki wa Lupopo, na nyumbani kwetu rangi nyeusi na nyeupe ya Mazembe haikuingia hata kwa soksi. Lakini Desemba 2010, Mazembe walipoifunga Internacional ya Brazili mabao mawili kwa bila kule Abu Dhabi, timu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya klabu bingwa ya dunia, nilikuwa barabarani na kitambaa kichwani, nikimwiga Kidiaba, kipa wao, anavyoruka kwa makalio. Mume wangu hakuniambia neno siku mbili. Inter ya Italia wakatufunga tatu kwenye fainali, si kitu. Je, ule usiku ungekuja chini ya plafo? Sidhani. Mshambuliaji Samatta angetoka Tanzania mwaka 2011 kuja Mazembe kulipwa sawa na kila mtu? Aliyetoa fedha alitaka kilele, akakipata: makombe ya Afrika ya 2009, 2010 na 2015. Kwa hiyo wanaoikataa plafo kwenye komite yenu hawasemi upuuzi. Wanajua kinachowatoa watu nyumbani Jumapili.

Ila timu inayosimama kwa mfuko wa mtu mmoja huwa na siku yake. Uchina, timu ya Jiangsu ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 2020, na Februari 2021 ikafunga milango kwa sababu kampuni iliyoimiliki ilitoa mkono. Bingwa, miezi michache baada ya kombe. Huko nako walikuwa wametangaza vikomo vya mishahara, lakini vilikuja nyumba ikiwa imeshaungua. Kwenye hesabu yako, ukiondoa mfuko wa prezida mnabaki na dola 1,500, ambazo haziwatoshi hata wale kumi wa 250. Naliweka hapa bila kumsema vibaya prezida wako, maana bila yeye pengine timu isingekuwapo. Ila mtu anayetoa 3,500 kati ya 5,000, na ambaye pia ana kura, na ambaye pia ana bahasha, ni mtu wa kuzungumza naye mchana kweupe kwenye kikao, kuliko usiku garini.

Zipo njia nyingine za kujenga, nazo zina nyufa zake. Kule Ulaya siku hizi hawapimi mtu, wanapima sehemu ya mapato. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, waliruhusu timu zinazocheza makombe yao zitumie asilimia 90 ya mapato kwa wachezaji, makocha na mawakala mwaka 2023, ikashuka 80 mwaka uliofuata, na sasa 70. Kwenu asilimia 70 ya 5,000 ni 3,500. Toa 700 za makocha na mganga, zinabaki 2,800. Gawanya kwa 24: dola 116 na senti. Ni chini ya anacholipwa leo kijana wenu wa mwisho. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Mkiwa na wachezaji 18 inakuwa 155, bado ni kidogo, na hao sita mtakaowaacha watakwenda wapi? Wawili wataenda machimboni, unajua na mimi najua. Njia hii inauma kuliko ya kwako, ila inasema ukweli kuhusu ukubwa wa timu mnayoweza kuilisha.

Kuna na ile ya ligi ya mpira wa miguu ya Marekani. Walikuwa na kikomo, wakamtaka David Beckham, kikomo hakimtoshi. Mwaka 2007 wakaandika kanuni wazi: kila timu inaweza kuwa na mchezaji wa kulipwa nje ya plafo. Wote wanajua ni nani. Mnaweza kumwandika mdogo wako hivyo, kwa 600 zake, mbele ya wenzake. Chumba cha jezi kitanung'unika, na mnong'ono ule wa "ni wa mweka hazina" utapata mafuta. Lakini kwa bahasha watanung'unika vilevile, maana hakuna bahasha iliyofichika kwenye timu ya watu 24, na siku hiyo hutakuwa na karatasi ya kuwaonyesha.

Bahasha yenyewe, nikuachie maswali mawili tu. Mwisho wa mwezi ukisaini daftari lenye 250, sahihi ni ya nani? Na siku prezida na mdogo wako wakikorofishana, kwa sababu ya bao lililokosekana au ya jambo la mtaani, ile 350 ataidai kwa nani, wakati mkataba unasema 250?

Nikiwa kwenye mikataba. Barua yako inasema mdogo wako amebakiza miaka miwili. Mkataba uliosainiwa na wawili haukatwi na kura ya komite. Plafo yenu inaweza kuwashika watakaosaini kuanzia sasa. Wa zamani mpaka wakubali wenyewe. Je, hilo lilisemwa kwenye kikao? Jingine ni zito zaidi. Tangu 2018 kanuni za FIFA zinasema mchezaji asipolipwa mishahara ya angalau miezi miwili anaweza kuiandikia timu, kuipa siku 15, na ikishindwa kulipa akauvunja mkataba kwa sababu halali. Ninyi mko miezi mitatu. Vipande mnavyotoa vitahesabiwa, lakini sioni kama vinawakinga. Maana yake kijana wenu wa mabao 19 anaweza kuvuka Kasumbalesa bila timu kupata hata senti, na sheria ikiwa upande wake. Akiwa amelipwa, hao wa Zambia itabidi waje mezani, na bei yake ingeweza kuziba shimo kwa miezi kadhaa. Ukihofia kumpoteza kwa sababu ya plafo, kumbuka kwamba ucheleweshaji umeshaufungua mlango kabla ya plafo.

Sasa kura. Unaweza kupiga ndiyo. Karatasi ni yako na ungekuwa mkweli kwayo, ila sasa umeona hesabu zake. Unaweza kupiga hapana. Utaokoa bukari ya Katuba, na wanong'onaji watasema tuliwaambia. Unaweza kusimama na kusema, "Mchezaji mmoja ni mdogo wangu, mimi natoka chumbani." Ni heshima, lakini wanabaki wanne kwa wanne, na huenda kanuni zenu zinampa prezida neno la mwisho, zisome kabla hujatoka, usije ukadhani hujapiga kura kumbe umepiga. Au unaweza kuiomba karatasi yako irudi, uilete upya ikiwa na sakafu, tarehe ya malipo, na deni la miezi mitatu likiwa mstari wa kwanza. Hapo utaonekana mtu wa kugeuka. Kipi kati ya hivyo unaweza kukieleza mbele ya mdogo wako bila kushusha macho, hilo mimi siwezi kulijua kutoka hapa.

Kwa sababu kwake ndiko tunakorudi. Unaandika kana kwamba unajua atakachosema. Unajua? Hajaulizwa. Hebu fungua daftari lako uangalie amepokea dola ngapi hasa katika miezi hii mitatu. Hukuniandikia, lakini kwa namna mnavyokatakata nadhani haikaribii 600 kwa mwezi. Mama yako hapiki bukari kwa mshahara ulioandikwa, anapika kwa uliofika. Huenda mdogo wako angechukua 400 ya uhakika kila tarehe 5 kuliko 600 ya kubembeleza. Huenda angekasirika na kupiga simu Zambia kesho yake. Huenda anataka kwenda, na anaogopa kukuambia wewe kama wewe unavyoogopa kumwambia yeye. Watu wa nyumba moja, kila mmoja na siri yake kuhusu jambo lilelile.

Kwamba karatasi ni yako, atalijua. Wanakomite ni tisa, mama ameshasikia mengine kanisani. Kinachobaki mkononi mwako ni mdomo utakaomwambia. Kuna hatari: anaweza kukaa wiki bila kuja kwako, anaweza kukwambia maneno ya viatu vya mtumba ambayo hukutarajia kuyasikia. Ukichagua kumwambia, nenda naye mahali pasipo mama wala mke, mle michopo (nyama choma), na umwonyeshe daftari lenyewe, kurasa zote, mpaka ile ya 1,800. Hujasema kama mchezaji yeyote wa timu yenu ameshaliona.

Mama yako usimpinge. Aliuliza swali, na lina jibu kwenye daftari hilohilo. Mpelekee tarakimu za miezi mitatu, ni mtu mzima, amewalea ninyi.

Niandikie baada ya Jumapili ile, hata kama kura imeahirishwa. Na kipa wenu, amepata chumba, au godoro bado liko kwenye jezi?